Bluzi za kale na mahojiano ya wale wazee, napata wapi bure kabisa?

GitaaLaMjomba (Ngamiani, Tanga)

Wakuu habari za usiku, wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada kwa anayejua.

Marehemu mjomba wangu alikuwa anapiga gitaa la rizimu kwenye bendi moja ya hapa Tanga miaka ile ya sabini, enzi za kina Atomic na Jamhuri, ingawa yeye hakuwa kwenye hizo, bendi yake ilikuwa ndogo tu ya kuzunguka makambi ya mkonge siku za mshahara. Alipofariki nikarithi gitaa na boksi la kanda. Nyingi ni dansi na taarab, Lucky Star, Black Star, mambo hayo, ila kuna moja haina jina, ubavuni imeandikwa kwa kalamu "meli" basi. Nadhani alipewa na baharia maana pale bandarini alikuwa na marafiki kibao. Ndani kuna mzee anaongea Kiingereza kizito, anacheka, anaongea tena, halafu anaimba na gitaa moja tu. Upande wa pili kuna wanaume wanaimba kwa pamoja huku kitu kinagonga, paa... paa... kama shoka hivi. Nimeisikiliza mara tatu, ya nne redio ikaila. Utepe umetoka umejikunja kama tambi.

Sasa kuna jamaa kaniambia hiyo ni bluzi, ule muziki wa watu weusi wa huko Mississippi, Marekani, nikaanza kutafuta. Tovuti ya kwanza niliyoangukia ikasema jaribu bure siku saba weka kadi, nikaweka ile kadi ya kwenye simu, siku ya nane nikaona meseji nimekatwa elfu ishirini na ushee. Jina naliacha maana kosa na mimi ninalo, sikusoma mpaka chini.

Ninachotaka ni cha bure kweli, na isiwe nyimbo tupu. Nataka wale wazee wenyewe wakiongea, kazaliwa wapi, gitaa kafundishwa na nani, alikuwa analima nini. Halafu iwe inapakulika, kwa sababu Jumapili jioni tunakaa kijiweni tunakunywa kahawa na spika tunayo, nataka niwawekee wenzangu na bando langu ni la kuunga unga. Nawasilisha.

Mtoto_wa_Chuda

Mkuu bluzi si zile DJ anaweka disko likikaribia kuisha, taa zinapunguzwa mnashikana viuno?? Hizo ziko kibao youtube hata usihangaike

GitaaLaMjomba

Hahaha siyo hizo bwana. Ukimshika mtu kiuno na hii ninayosema mtalia wote wawili.

BiKanda (Bagamoyo)

Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo kanda usiitupe na usiinyooshe kwa pasi, nakujua mtataka kujaribu. Kava la kanda nyingi limeshikwa na skrubu ndogo tano, tafuta kanda nyingine mbovu yenye kava zima, fungua zote mbili taratibu juu ya kitambaa cheupe usipoteze vile vigurudumu, hamisha utepe, pale palipojikunja panyooshe kwa vidole vikavu, funga, kisha zungusha na penseli mpaka mwisho na kurudi. Ikicheza hata mara moja uwe umeshaweka simu tayari ya kurekodi. Mimi nimekaa na tepu za redio miaka mingi kabla sijastaafu nikaja kukaa huku Bagamoyo, nimeshaokoa zilizokuwa mbaya kuliko tambi zako.

Haya tuje kwenye swali. Watu wakisema bluzi ya bure mtandaoni wanachanganya mali za aina mbili. Kuna sahani za biashara, yaani mwimbaji kaitwa studio, kampuni ikauza. Na kuna zile ambazo watafiti walibeba mashine wakawafuata watu kwao, kwenye baraza, shambani, kanisani, gerezani. Unachotafuta wewe kiko zaidi kwenye hii ya pili, maana studio hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza mtu kazaliwa wapi. Sahani ilikuwa na dakika tatu, imba uondoke.

Anza na Maktaba ya Bunge la Marekani, loc.gov. Hawaulizi kadi wala hawataki ujisajili. Mle ndani kuna rekodi za safari ya mtafiti wa nyimbo John Lomax na mkewe Ruby ya mwaka 1939. Walianzia Port Aransas huko Texas tarehe 31 Machi wakafika Washington 14 Juni, maili 6,502, hizo ni zaidi ya kilomita elfu kumi, wamerekodi waimbaji zaidi ya 300 na rekodi kama 700 hivi. Zimo bluzi, zimo za kanisani, zimo za watoto wakicheza, zimo za wafungwa. Uzuri wa mkusanyiko ule si sauti peke yake, kuna na maandishi yao ya safarini na barua alizokuwa anaandika yule mama Ruby, unajua siku ile walilala wapi na mwimbaji aliwapokeaje. Yule mzee Lomax alipoanza safari hizi 1933 mashine yake ilikuwa na uzito wa ratili 315, karibu kilo 140, imepakiwa kwenye Ford. Mimi nilikuwa nalalamika kubeba tepu rekoda ya kilo kumi.

Ukimaliza hapo tafuta Fort Valley. Hicho ni chuo cha watu weusi jimbo la Georgia, walikuwa na tamasha lao la muziki, na rekodi zake za kati ya 1938 na 1943 kama mia moja hivi zimewekwa pale pale loc.gov. Hao si wanamuziki wa jina, ni wakulima na vibarua na gitaa zao. Kuna mmoja, Buster Ezell, anaimba habari za Roosevelt na Hitler, vita ndo imepamba moto, unaweza kusema ni mzee wa hapa kwetu kakaa na redio ya mbao anasimulia taarifa ya habari kwa gitaa.

Na sasa nikwambie kitu kingine ambacho si bluzi ila usikipite. Maktaba hiyo hiyo ina sauti za watu waliozaliwa utumwani. Watu ishirini na tatu, wamehojiwa miaka tofauti tofauti kuanzia 1932. Yupo mzee Fountain Hughes, alirekodiwa Baltimore Juni 1949, anasema ana umri wa miaka 101, anasema babu yake alikuwa mali ya Thomas Jefferson, yule yule rais. Mimi naishi Bagamoyo mwanangu, kila nikienda sokoni napita kwenye mawe ambayo watalii wanapigia picha wakiambiwa watumwa walipita hapa, wanaondoka. Lakini sauti ya hata mmoja hatuna. Nilivyomsikia yule mzee anaongea taratibu, anakohoa, nilizima simu nikakaa kibarazani mpaka magharibi.

Kuhusu Kiingereza kizito usiogope, mahojiano mengi pale yana maandishi yake pembeni, unasikiliza huku unasoma.

Mgosi_Pongwe

Bi Kanda shikamoo, umemaliza mama. Mi naongezea upande wa vidole maana na mimi ni mpiga gitaa.

Mgosi @GitaaLaMjomba, hiyo sauti ya shoka upande wa pili mi nakaribia kuapa ni Parchman au gereza jingine la aina hiyo. Parchman ni gereza la shamba la jimbo la Mississippi, wafungwa walikuwa wanalima pamba na kukata magogo, na ile paa paa ni shoka zenyewe zinashuka kwa pamoja, mmoja anaongoza wimbo wenzie wanaitikia, ukikosa mdundo unaweza kumkata mwenzio. Alan Lomax, mtoto wa huyo John, alirekodi pale 1947 na 1948 akarudi tena 1959. Nenda kwenye Lomax Digital Archive, ni ya taasisi aliyoianzisha mwenyewe inaitwa Association for Cultural Equity, mwaka 2012 waliweka mtandaoni rekodi zaidi ya elfu kumi na saba, kusikiliza ni bure. Utaona zimepangwa kwa safari, mahali na tarehe, we ingia Mississippi halafu 1947 au 1959 teremka nazo moja moja.

Na hiyo ya 1959 usikimbilie gerezani tu. Mwaka huo ndo alifika kijiji cha Como akamkuta Fred McDowell, mkulima, hajawahi kurekodiwa maishani, anapiga slaidi, yaani anateleza na chupa au chuma juu ya nyuzi, mpaka unasema huyu mtu alikuwa wapi siku zote. Alikuwa shambani, ndo alikuwa huko.

Sasa kwa mpiga gitaa mali yenyewe ni video. Youtube kuna chaneli inaitwa Alan Lomax Archive, humo kuna video alizopiga Mississippi mwaka 1978, R.L. Burnside amekaa nje na gitaa, Jack Owens wa Bentonia, na kijana mmoja Lonnie Pitchford anapiga waya MMOJA. Huo waya wanautundika ukutani kwenye misumari miwili wanateleza na chupa, watoto wengi wa kule ndo walianzia hapo kabla ya kupata gitaa. Nilipoiona nikakumbuka zeze. Usisikilize, angalia mkono wa kulia. Mi nimekaa wiki mbili na dakika tatu za Burnside na bado dole gumba langu linakwenda likizo katikati ya wimbo.

Halafu angalizo, ukijaribu kupiga pamoja na rekodi za zamani utaona gitaa lako halikubaliani nayo, si nyuzi zako. Mashine za safarini zilikuwa zinatumia betri, umeme ukipungua mwendo unabadilika, ndo maana nyimbo nyingine ziko katikati ya sauti mbili. Tuni gitaa lifuate rekodi, usilazimishe rekodi ifuate gitaa.

NyaparaMstaafu (Muheza)

Nawasoma tu hapa nacheka. Yaani mtu yuko Tanga, mkoa uliojaa mkonge, anatafuta nyimbo za wafungwa wa Mississippi. Manamba waliokuja hapa kutoka Kigoma, Njombe, Tabora, Burundi huko, hawakuimba?? Waliimba sana tu. Waha na ngoma zao, Wabena na zao, kambi moja lugha sita, kipande cha siku thelathini mkononi, usipomaliza kata yako siku haiandikwi. Mi nimefanya kazi mashambani humo kuanzia korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge, mpaka uwanjani kwa kuanikia. Nani karekodi? Mnajua shoka za Marekani, panga la mkonge la baba zenu hamlijui mlio wake.

Mtoto_wa_Chuda

Mzee kaja na moto

BiKanda (Bagamoyo)

Kaka Nyapara habari za Muheza. Hujakosea, na mimi jambo hili linaniuma kuliko unavyodhani. Lakini usimgombeze kijana, aliyeachiwa kanda ya meli atafuata meli.

Kuhusu nani karekodi, yupo Hugh Tracey, huyu alizunguka Afrika yetu hii na gari lake la kurekodia, Tanganyika alifika 1950. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika inaitwa ILAM, leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes kule Makhanda, Afrika Kusini, na orodha yao iko mtandaoni. Andika Tanganyika, usiandike Tanzania, na makabila yaandike kwa namna mbili tatu maana Wazungu wale walikuwa wanaandika walivyosikia. Kambi za mkonge kwa jina sijaziona humo, nasema ukweli. Tepu za Redio Tanzania ziko TBC Dar es Salaam, hizo ni hazina ila si za kubofya ukiwa kitandani. Na hapa Bagamoyo tumeishi na Hukwe Zawose mpaka alipofariki 2003, Mgogo wa watu na zeze lake na ilimba, nje wamemuuza kwenye CD, watoto wa hapa hapa wanaomjua wanahesabika.

Hilo la kuandika majina kwa namna mbili tatu linahusu na bluzi pia. Mwimbaji Lead Belly mahali jina lake limeandikwa neno moja, mahali maneno mawili. Otha Turner mahali pengine ni Othar. Ukikosa kwa jina tafuta kwa kijiji. Ukikosa kwa kijiji tafuta kwa mwaka na jimbo. Pale loc.gov pembeni kuna sehemu ya kuchuja, chagua za sauti tu na zilizo mtandaoni tu, bila hivyo utaletewa elfu kumi za karatasi ambazo ziko kabatini Washington.

Na huyo Otha Turner nimemtaja makusudi, mtafute Folkstreams, folkstreams.net. Hiyo ni tovuti ya filamu za utamaduni za Marekani, unaangalia bure nzima nzima. Kuna filamu fupi ya Gravel Springs ya 1972, Turner anatoboa tete kwa chuma cha moto anatengeneza filimbi, kisha ngoma zinaingia, vumbi linatimka. Nilimwonyesha jirani yangu Mkwere akaniuliza hii ni wilaya gani. Kuna pia ya James Thomas wa Leland, mchimba makaburi, anaimba bluzi na anafinyanga mafuvu ya udongo. Hizi zilitengenezwa na William Ferris na wenzake, na karatasi na tepu za Ferris ziko Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill.

Wakala_wa_Bando

Mnataja vizuri ila kumbukeni MB. Kwenye kupakua kukiwa na MP3 na WAV chukua MP3. WAV ya kawaida ya dakika tatu ni kama MB 30, na zile za maktaba wanazohifadhi kwa ubora mkubwa zinaweza kufika hata 100. MP3 ni MB tatu mpaka tano. Filamu iangalie kwa ubora wa chini au nenda kwenye waifai ya mtu. Mimi natumia bando la usiku, natega alamu saa saba, napakua, nalala.

archive.org pia ipo, wale wa Internet Archive, wana sahani za santuri za zamani laki kadhaa zimegeuzwa kuwa mafaili. Ila walishtakiwa na makampuni ya muziki 2023 kwa hizo sahani kwa hiyo usishangae kitu ulichokiona mwaka juzi leo hakipo. Ukipenda kitu pale kichukue siku hiyo hiyo.

Mwl_Juma

Samahani naingilia, hivi kisheria ikoje? Isije ikawa mnafundishana wizi. Mimi ningependa kutumia kwenye klabu ya muziki ya shuleni.

BiKanda (Bagamoyo)

Swali la maana mwalimu. Kusikiliza kwenye tovuti zenyewe hakuna tatizo, wameziweka zisikilizwe. Kuuza, kuweka kwenye tangazo, kusampo kwenye singo yako, hapo ni habari nyingine, kila mkusanyiko una ukurasa wake wa haki, soma. Kwa sahani za biashara Marekani walipitisha sheria 2018, zile zilizotolewa kabla ya 1923 zote zikawa huru tarehe 1 Januari 2022, halafu baada ya hapo wanafungua mwaka mmoja mmoja zikishatimiza miaka mia. Kwa hiyo za 1923 zikafunguliwa 2024, na Januari 2026 zimefunguliwa za 1925. Hiyo maana yake Mamie Smith na ile Crazy Blues yake ya Agosti 1920, rekodi iliyofanya makampuni yagundue kwamba watu weusi nao wananunua sahani, ni mali ya kila mtu. Bessie Smith wa 1923 pia. Charley Patton alianza kurekodi 1929, subiri 2030. Robert Johnson ndo kwanza 2038 huko, mimi sitakuwepo.

Hiyo ni sheria yao, kwetu wapo COSOTA, wale wa hakimiliki, ukitaka kuzipiga mbele ya watu wanaolipa kiingilio waulize. Darasani na watoto mimi ningewawekea bila kutetemeka.

Mtoto_wa_Chuda

Robert Johnson si yule aliyeuza roho kwa shetani njia panda? Nimeona intavyuu yake tiktok anaelezea mwenyewe

Mgosi_Pongwe

Hiyo ni feki mgosi, kompyuta imetengeneza. Robert Johnson alirekodi mara mbili tu, San Antonio Novemba 1936 na Dallas Juni 1937, nyimbo 29, Agosti 1938 akafa. Mahojiano yake hayapo. Ukiona anaongea kwa Kiingereza safi kama mtangazaji ujue umepigwa. Kama unataka watu wa enzi zile wakiongea kweli ingia Arhoolie, ile kampuni ya Chris Strachwitz aliyoianzisha 1960, alikuwa Mjerumani wa kuzaliwa, kazunguka Texas na Louisiana akiwarekodi wazee. Kampuni kaiuza, ila Arhoolie Foundation imeweka mahojiano yake mengi kwenye tovuti yake, bure, unasikia mbwa wanabweka nyuma, mke anaita chakula tayari.

Ila nikwambie mahojiano ambayo mi yalinikata maini. Mwaka 1947 Alan Lomax aliwakalisha watu watatu New York, Big Bill Broonzy, Memphis Slim na Sonny Boy Williamson yule wa kwanza, akawauliza bluzi imetoka wapi. Wakaanza kuongea. Makambi ya kujenga tuta la mto, bosi anathamini nyumbu kuliko mtu, nyumbu akifa ananunua mwingine, mtu akifa anaajiri mwingine. Wakaongea na kucheka, cheko lile la mtu anayejua akiacha kucheka itakuwa mbaya. Baadaye wakajisikiliza wakaogopa, wakamwomba asitaje majina yao kamwe, si kwa ajili yao, ndugu zao bado walikuwa wanaishi kusini kule. Ilipokuja kutolewa kama sahani miaka kumi na zaidi baadaye wamepewa majina ya uongo. Sonny Boy mwenyewe 1948 alishauawa huko Chicago.

NyaparaMstaafu (Muheza)

Hiyo ya nyumbu nimeielewa sana.

GitaaLaMjomba (Ngamiani, Tanga)

Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa siku tisa.

Bi Kanda, kanda nimeifungua kama ulivyosema, kigurudumu kimoja kilidondoka chini ya kabati nikakitafuta na tochi saa nzima. Imecheza! Kuna sehemu kama sekunde ishirini inazama kama mtu anaongea ndani ya pipa lakini imecheza, nimerekodi kwa simu. Yule mzee anayecheka bado sijamjua. Nimesikiliza kina Ezell wote wa Fort Valley siye, nimepita kwa McDowell siye. Kuna neno analirudia kama "Brazos", nikaambiwa huo ni mto wa Texas, kwa hiyo narudi kwenye ile safari ya 1939 upya maana walianzia huko, nimefika katikati.

Upande wa shoka nadhani Mgosi umepatia. Ule wimbo wenyewe sijaupata ila nimesikiliza za Parchman kumi na mbili na zote zina ule mlio, na wanavyovuta pumzi kabla shoka halijashuka ni vile vile. Nimepakua nne.

Sasa juzi usiku nilikuwa nazisikiliza sebuleni, mama anakuna nazi. Mama kazaliwa kambini huko Muheza, baba yake alikuwa manamba kutoka Kigoma. Sikumwambia chochote. Akaacha kukuna. Akauliza, hao wa kambi gani? Nikamwambia mama hao ni Wamarekani, wafungwa. Akasikiliza tena mpaka mwisho, akaniuliza nyapara wao yuko wapi mbona hasikiki.

Halafu akaimba. Mistari kama minne hivi, kwa Kiha, mimi Kiha sijui hata salamu. Simu ndo ilikuwa inapiga wimbo kwa hiyo sikurekodi, na nilipomwomba arudie akasema amesahau, niache apike.

NyaparaMstaafu (Muheza)

Kijana usimsumbue mama yako kwa kumwambia imba. Mpelekee kazi ya mikono, kunde za kuchambua au mchele, kaa naye, simu iweke juu ya meza imeshawashwa. Kiha nakijua kidogo, nilikaa na hao watu miaka. Ukipata nitumie.

BiKanda (Bagamoyo)

Na uandike tarehe. Na jina lake kamili, na kambi. Simu izime data isije ikaita katikati.

Mtoto_wa_Chuda

Mkuu hizo nne za shoka unaweza kunirushia? Ziko MB ngapi

GitaaLaMjomba (Ngamiani, Tanga)

Zote nne MB 14. Jumapili njoo kijiweni barabara ya kumi na mbili uje na fleshi, kahawa utalipa wewe.